Mama Pindo, Fundi wa Sare

Alizaliwa mwezi wa tatu, siku ambayo upepo ulibeba paa la jiko la jirani, akiwa mtoto wa tano na wa mwisho wa fundi cherehani na mkewe. Jina lake la ubatizo limo katika kitabu cha parokia, lakini hata paroko hulitafuta kwa miwani. Kwa waamini yeye ni Mama Pindo, nasi tutamwita hivyo. Alipokuwa na miaka tisa, baba yake akiwa amefariki, mwanamke mmoja aliyezoeleka nyumbani hata akaitwa shangazi aliahidi kumpeleka shule ya mjini. Akamvika sare mpya, sketi ya buluu na blauzi nyeupe, na mtoto akaondoka akitembea kwa madaha. Walipofika, sare ikavuliwa, ikakunjwa, ikawekwa tayari kwa mtoto mwingine. Yeye akapewa gauni kuukuu na beseni la vyombo. Aliosha sufuria za mgahawa kwa miaka mitatu, mpaka sista muuguzi aliyemtibu mkono uliobabuka alipomuuliza kwao ni wapi, akamrudisha mwenyewe. Mama yake alimkumbatia akalia: "Sketi ile haikuwa na pindo, nami mke wa fundi sikugeuza kutazama! Anayekupeleka shule hukuachia nafasi ya kukua." Maneno hayo hayakumtoka mtoto.

Akarithi cherehani ya baba yake, akawa mshonaji wa sare za shule. Kila vazi aliliwekea pindo la vidole vinne, akichora kwa chaki msalaba mdogo upande wa ndani. Tusimpake sukari: alikuwa mkali kwa wateja wabishi, na sauti yake ya kuimba ilikuwa mtihani kwa kanisa zima. Mwalimu wa kwaya alimpa kazi ya kushona majoho ili apate sababu ya kumwomba akae chini. Aliicheka hila hiyo, akashona majoho, na akaendelea kuimba.

Jaribu lake kubwa lilimkuta akiwa na miaka arobaini na miwili. Jumatatu moja aliingia mwanamke aliyevaa nadhifu, akaagiza sare kumi na moja kwa safari ya Alhamisi, kwenda shule ng'ambo ya mpaka. "Pindo niweke vidole vinne?" akauliza Mama Pindo. "Pindo la nini, fundi? Kata hapo hapo." Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. "Dada, mimi sishoni bila kupima. Walete," akasema. Wakaletwa. Kila alipozungusha tepu kifuani mwa mtoto, alimnong'oneza: "Mama yako nani?" Watoto kumi na mmoja wakataja mama kumi na mmoja, ilhali mwanamke yule alidai wote ni wa kaka yake. Basi kaka huyo, Mungu amsamehe, alikuwa na shughuli nyingi. Aliye mdogo kuliko wote akamuuliza mwanamke yule, "Shangazi, huko tunakokwenda kuna madaftari?" Hapo Mama Pindo aliogopa sana, wala hakuwahi kuficha kwamba aliogopa.

Alikwenda kwa sajini wa polisi. Sajini akamsikiliza, akasema, "Mama, kukosa pindo si kosa la jinai." Akamjibu, "Basi njoo Alhamisi saa mbili nikuongezee kiuno cha suruali. Hiyo inakubana tangu mwaka jana." Ilikuwa kweli, sajini akakubali. Mama Pindo akamwalika na mwalimu mkuu wa shule ya pale. Kisha akashona siku mbili, akisali kwa sauti ile ile, na alipomaliza akaunganisha kwa uzi miguu ya kila kaptura, na mbele na nyuma ya kila sketi kwa chini, mishono miwili miwili, akapiga pasi na kukunja vizuri kama za dukani.

Asubuhi ya Alhamisi stendi nzima iliacha kazi. Mpakani gari la wanafunzi haliulizwi mengi, kwa hiyo ilikuwa lazima watoto wavae. Nao walikuwa wakirukaruka kama waliotumbukizwa guniani, na makondakta wakishika mbavu kwa kicheko. Mwanamke yule akawakusanya wote, akawarudisha dukani akifoka. "Fundi, umelewa?"

"Silewi, dada. Haraka haraka haina baraka. Ingieni, nafumua sasa hivi."

Ndani alisimama sajini, mikono juu, tepu tumboni. Mwalimu mkuu, aliyeketi kwenye benchi, akamwita yule mdogo. "Mwanangu, mwalimu wako nani?"

"Sina. Ndio tunakwenda kumpata."

"Na mama anajua mnavuka mpaka?"

"Mama aliambiwa ni mjini tu."

Sajini akashika suruali yake kwa mkono mmoja na mwanamke yule kwa mkono wa pili. Dereva wa gari lao alipobanwa alitaja walikokuwa wakipelekwa: machimbo ya kokoto, ng'ambo ya mpaka. Watoto walirudi kwao wakiwa na sare zenye pindo la vidole vinne. Yule mdogo, ambaye aliyemwita mama alikuwa bibi yake mgonjwa, wala hakuwa na mwingine wa kumrudia, alibaki kwa Mama Pindo na kusomea kwa mwalimu mkuu. Mwanamke aliyefungwa alipelekewa sabuni kila mwezi, na mpeleka sabuni mnamjua.

Wapo wasemao kwamba waliovaa sare zake walikua haraka kuliko wenzao. Hatubishani nao, tumeona suruali zilizoshushwa mara tatu.

Alifariki Jumapili baada ya misa, akiwa na miaka sabini na moja. Kumi na mmoja wale, sasa watu wazima, walibeba jeneza. Akina mama waliokwenda kumvika walikuta sandukuni gauni jeupe aliloshona mwenyewe, na chini pindo la vidole vinne. Yule mdogo, ambaye ndiye fundi wa duka lile leo, akacheka huku akilia, akawaeleza kwamba aliwahi kumtania: "Mama, mzee kama wewe, pindo la nini?" Naye alijibiwa, "Ninakokwenda sijui nitakuwa na urefu gani."

Basi, ndugu mwamini, ukikutana na mtoto anayesafirishwa kwenda kwenye neema, geuza nguo yake utazame ndani. Ukikosa pindo, uliza mama yake ni nani, na usiondoke mpaka ujibiwe.