Chai ya Bibi Ilipopoa

Harufu ya tangawizi ikichemka kwenye sufuria ya chai hunirudisha Mbalizi, msimu wa mvua nilipokuwa na miaka kumi, Bibi alipokuja kutoka Iringa kutibiwa miguu. Nyumba yetu ilikuwa kando ya barabara kuu, na malori yaliunguruma mchana kutwa bila kunisumbua. Kilichonitesa ni sauti ndogo: mtu akitafuna, na zaidi Bibi akivuta chai ya moto kwa midomo, fyuuu. Watu hudhani mtoto wa hivyo ana kiburi. Si kiburi. Sauti ile iliniingia kama sindano, moyo ukadunda, nikatamani kupiga kelele au kukimbia. Nikawa nakimbia kila asubuhi, kikombe mkononi, hadi jikoni.

“Mume gani huyu anamkimbia mkewe mezani?” Bibi alinitania, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kiume. Alicheka, lakini siku chache baadaye niliona anaiacha chai yake mpaka ipoe kabisa, ndipo anainywa kimya. Yeye, mtu wa baridi ya Iringa, aliyependa chai imchome ulimi.

Mama alinipeleka hospitali mjini Mbeya. Mtaalamu wa masikio hakunikemea. Alisema masikio yangu ni mazima, ila yamejifunza kuogopa, na yanaweza kufunzwa upya, haba na haba. Tumrekodi Bibi akinywa chai ya moto, kwanza kwa mbali, kisha karibu. Nami nisikilize kidogo kila siku huku nikifanya ninachokipenda. Basi Mama akawasha redio kaseti, mvua ikipiga bati. “Mume wangu, nipo mlangoni,” Bibi alitangaza, akavuta. “Sasa nipo kwenye kigoda.” Mwisho: “Nimefika. Usikimbie.” Mama akavunja vile vibanzi viwili vya plastiki vya juu ya kaseti, ili mtu asiweze kurekodi kitu kingine juu ya sauti ile. Nilisikiliza nikichora malori. Ilichukua miezi, siku nyingine nililia, nyingine nilisahau kabisa kwamba nasikiliza. Kama unaye mtoto wa namna hii, mvumilie. Mimi niliweza.

Nilipoweza, nilirudi mezani nikamwambia, “Bibi, kunywa ya moto.” Akatabasamu. “Nimeshazoea ya baridi, mume wangu. Ya moto sasa inaniunguza.” Nami, kwa furaha ya kupona, nikaziba kwa karatasi matundu yaliyoachwa na vile vibanzi na kurekodi nyimbo za redioni juu yake. Majuto ni mjukuu, wanasema. Kwetu mjukuu mwenyewe nilikuwa mimi. Bibi alirudi Iringa, akafia huko akiwa bado anangoja chai ipoe.

Leo naweza kuketi kwenye mgahawa wowote wa Iyunga, watu wakivuta chai kwa raha zao, nikamaliza chapati yangu bila kuinuka. Kaseti ninayo bado. Wimbo wa mwisho unapokatika, imebaki mvua kidogo ya siku ile juu ya bati. Huwa nasikiliza mpaka utepe uishe. Ni mvua tu. Bibi alikuwa ameshamaliza kunywa.