Chemsha Kwanza, Anika, Funika

Mboga za majani huku Igamba hazina adabu. Mvua ikinyesha zinajaa hadi mlangoni; kiangazi kikifika unamwomba jirani matembele kama mgeni. Mwaka juzi niliamua wanangu wawili, wa darasa la tano na wa darasa la tatu, wajifunze kuhifadhi. Cheti cha ualimu sina, sauti ninayo.

Nilianza na majani ya maboga. Yamenye nyuzi, yachovye kwenye maji ya moto yenye chumvi, hesabu hadi mia, yaanike kwenye kichanja cha kahawa, yakikauka yatie kwenye ndoo yenye mfuniko. Ili wasisahau, niliandika kwa mkaa kwenye mlango wa jiko: CHEMSHA KWANZA, ANIKA, FUNIKA. Wakashika vizuri mno. Wakachemsha kunde, wakachemsha mchicha, wakachemsha na uyoga. Nikajisifu hadi kanisani.

Juu ya mafiga kilining'inia kibuyu cha mbegu za maharage, zimechanganywa na majivu zisibunguliwe. Maharage yale madogo, yenye mistari ya zambarau, nilipewa na mama yangu anayeishi Ibaba, kule Ileje, naye alipewa na mama yake siku ya kuolewa. Majirani zake walishahamia mbegu za dukani. Alinikabidhi zote, akasema, "Mimi magoti yamekataa shamba. Zikiishia kwako, ndiyo zimeisha."

Jumamosi moja nilikwenda sokoni Mlowo. Niliporudi, kibuyu kilikuwa kitupu na kichanja kimejaa.

"Mama, tumekusaidia," mkubwa alisema. "Zilikuwa na majivu, tukaziosha."

"Halafu?"

"Tukachemsha kwanza."

"Tulihesabu mia mara mbili," mdogo akaongeza, "kwa sababu ni ngumu."

Niliwatazama, nikautazama mlango. Fimbo ilikuwa karibu, ila mwandiko ulikuwa wangu. Niliingia jikoni nikalia, nikatoka nikawaambia wazigeuze zikauke pande zote. Zilikauka vizuri sana. Hakuna mdudu aliyezisogelea.

Mama sikumwambia. Kila alipopiga simu kuuliza maharage, nilimjibu yapo, na kweli yalikuwapo.

Mwezi wa pili akaja mwenyewe. Nilimchinjia kuku ili tusizungumze maharage. Alikula kuku wangu, akanawa, akaomba konzi mbili za mbegu apande hapo nje ya mlango wake, kwani magoti yalikuwa yamepata nafuu. Nikakosa pa kujificha. Nilimweleza yote, watoto wamesimama kando yangu wakitazama sakafu. Nilikuwa na aibu ambayo sijawahi kuwa nayo tangu niolewe.

Mama alinyoosha kidole mlangoni.

"Hayo umeandika wewe?"

"Mimi, mama."

 Kisha akachota konzi mbili za maharage yale yale, akazifunga kwenye pindo la kanga, akapanda gari la Ileje. Nilijua anakwenda kuzipika.

Mwezi wa nne nilimpigia simu kumsalimu, nikamuuliza kama maharage yaliiva vizuri.

"Niliyapanda," alisema.

"Mama, si nilikuambia hayataota?"

"Nilikusikia, mwanangu. Kila asubuhi nakwenda kuangalia."