Mgomba Uliozikwa Muleba

Mtu niliyemlisha kule Marekani alikuwa na kaburi lake kwetu Muleba, limejengewa kwa saruji kabisa.

Subirini, sijachanganyikiwa.

Mwaka 2006 nilikuwa nesi msaidizi kwenye hospitali moja kongwe mjini Saint Paul. Matofali mekundu, zaidi ya miaka mia. Ilianza na wagonjwa wa kifua kikuu, baadaye ikawa ya wagonjwa wa akili. Nyuma kulikuwa na makaburi yenye namba tu, hayana majina. Sasa ilikuwa inafungwa.

Wengi walishahamishwa. Akabaki John, mzee mweusi asiyesema, na alikuwa amegoma kula. Daktari alisema akiendelea hivyo hamalizi wiki.

"Avelina, usijisumbue," akaniambia Alfred, Mkenya tuliyekuwa naye zamu. "Huyo uki-mfeed na kijiko anakuchapa. Mimi nishachapwa twice."

Kweli, mzee akapiga bakuli, uji ukamwagikia mikononi mwake. Nilitaka kulia. Nikaleta jagi na beseni nimsafishe.

Nilipomimina maji, mzee akakusanya viganja, akanawa taratibu, akakung'uta. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, akingoja chakula.

Nikashtuka. Mmarekani gani ananawa hivi?

"Shikamoo mzee," nikajaribu.

"Marahaba, mwanangu."

Sauti imekauka, machozi yanamtoka. Alfred akaangusha taulo.

Nikakimbilia ugali wangu wa mchana. Akala wote.

Siku zile akanieleza kwamba jina lake halikuwa John. Aliitwa Zachariah. Alitoka Muleba, akaja kusoma, akili ikayumba, na mwaka 1974 askari wakamwokota kwenye theluji akiongea lugha wasiyoijua. Wakamleta pale, akapewa jina lingine.

Mchungaji mmoja wa kwetu, yuko Minneapolis, akatutafutia simu ya Jedidah, mdogo wake mzee, aliyebaki Muleba. Nikapiga mzee akiwa pembeni yangu, nikaweka spika.

"Mwanangu, Zachariah tulishamzika," akasema. "Mwili hatukuupata, tukazika mgomba badala yake. Aliyezikwa akirudi, anaondoka na roho ya mtu. Nina wajukuu mimi!"

"Mama, ni kaka yako! Huku wanafunga, hana pa kwenda!"

"Naogopa, mwanangu. Naogopa."

Nilikasirika, nikataka kumkatia simu. Mzee akaninyang'anya.

"Jedi, nani alinililia?"

Jedidah akaangua kilio.

"Wote, kaka. Mama alilala juu ya lile kaburi mpaka walipombeba."

Mzee akafumba macho.

"Kumbe mlinililia. Miaka yote hii nilijua mmenitupa."

Hakurudi Muleba. Jedidah hakukubali mpaka mwisho. Mzee alihamishiwa nyumba ya wazee Maplewood, na kila Jumapili dada yake alimpigia simu wakaongea Kihaya mpaka salio likaisha. Habari ya kurudi hawakuigusa tena. Na chakula hakugoma tena, mpaka Mungu alipomchukua.

Mwenye ndugu aliyepotelea ughaibuni, usichoke kumtafuta. Yuko mahali anadhani umemsahau.

Na wewe wa wodini, ukimkuta mzee mweusi amenyamaza, msalimie kwa Kiswahili. Akikushangaa, umepungukiwa nini?