Mvunja Kokoto wa Rangwe na Binti Aliyeitwa Mvivu

Wewe ungemwitaje mtoto aliyekuwa akikimbia hata akitumwa chumvi dukani, na sasa kuinuka tu anywe chai ni shida?

Marcella alimwita jasamuoyo, neno la Kijaluo la mtu mvivu. Alilisema mlangoni, kwa sauti, majirani wasikie.

Saa tatu asubuhi, kwenye machimbo ya mawe nje kidogo ya Rangwe, mama huyu ameketi juu ya gunia, miguu ameinyoosha. Mkono wa kushoto umeshika kitanzi cha tyubu ya baiskeli kinachozuia jiwe lisiruke. Wa kulia una nyundo. Anagonga, jiwe linapasuka, anasukuma kokoto kando kwa kiganja. Vumbi limemkaa hata kwenye kope.

Karibu naye yuko bintiye Lynnet, wa miaka kumi na sita. Nyundo yake imelala mapajani.

"Min Lynnet," yaani mama Lynnet, anaita mvunja kokoto mwenzake, Gesare, "huyo wako ni kama pikipiki imeisha mafuta. Sukuma!"

Wanawake wanacheka. Marcella naye anacheka kidogo, halafu anaacha.

Lynnet alikuwa winga wa timu ya mpira ya wasichana shuleni. Soksi zake alizifua mwenyewe na kuzianika juu ya ua, moja moja, zisipoteane. Muhula uliopita aliacha kwenda uwanjani, halafu akaacha chakula, halafu akaacha kujibu akiitwa.

"Nilidhani ni kiburi," anasema Marcella. "Nikamnyima hata salamu. Nikasema, huyu atachoka tu."

Hakuchoka. Alizidi kulala uso ukiangalia ukuta.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyemweleza kwamba huo si uvivu, ni sonona. Mtoto aje wazungumze kila wiki, na mwili nao usiachwe umelala, kwa sababu mwenye huzuni huacha kucheza, na kadiri anavyoacha ndivyo huzuni inavyozidi kumkaba. "Mama, umsaidie afanye mazoezi," akamwambia.

Marcella alisikia mazoezi, akaelewa kazi. Asubuhi iliyofuata alimtafutia binti nyundo.

"Mimi mwenyewe naruka wapi?" anauliza. "Mazoezi yangu si ndiyo haya? Nikafikiri, akivunja mawe mwili utachangamka, na kokoto nazo zitaongezeka."

Viganja vya Lynnet vikatoka malengelenge. Akitoka machimboni aliteka maji, akitoka mtoni alirudi kwenye ukuta wake. Wiki iliyopita alimwambia muuguzi kwamba haoni kwa nini kesho ije. Muuguzi akamwita Marcella kando, akamsihi asimwache peke yake hata kidogo.

"Sasa naogopa kwenda hata chooni," anasema Marcella, sauti imeshuka. "Nikirudi nimkose je?"

Muuguzi amewaandikia waende kwa daktari wa akili, Homa Bay mjini. Nauli inangoja kokoto, na kokoto zinangoja lori. Lori halijaonekana tangu mvua iharibu barabara. Rundo la Marcella limeanza kuota nyasi.

Anachotamani si kikubwa. "Alikuwa anagombana na refa mpaka namwonea aibu. Nikimsikia anagombana tena, nitashukuru Mungu."

Jua limepanda. Marcella anaondoa nyundo mapajani mwa binti, anaiweka mbali.

"Nyathina, mwanangu," anasema, "mimi sikusoma sana. Muuguzi alisema mazoezi, nikakuletea mawe. Niambie wewe mwenyewe."

Gesare anafungua mdomo aweke utani. Marcella anamwinulia kiganja, anyamaze.

"Sema tu, mama. Hata kama ni mimi unanichukia."

"Sikuchukii." Binti hainui macho. "Nilitaka twende kutembea, Mum. Popote tu. Wewe na mimi, tukiwa hatujabeba kitu."