Balbu Niliyoitoa

Ufundi nilijifunza Nakuru enzi za kabureta, na kabureta haikuwahi kunishinda. Ikisumbua unaifungua, unaisugua kwa petroli na mswaki, unaipuliza, unairudisha. Nilipohamia Kampala kutafuta riziki nikafungua gereji yangu Kawempe, niliendelea hivyo hivyo. Kisha yakaanza kuingia magari ya kompyuta. Nikasema, kompyuta nini bwana, chuma ni chuma. Mdomo ninao, hilo sikatai.

Jirani yangu alikuwa mama Mkongomani, mkimbizi kutoka Bukavu, muuza vitenge. Alikuwa na gari dogo kuukuu la Kijapani, na binti wa miaka minane mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu unaomvamia mtoto kwa maumivu ya mifupa bila hodi. Gari lile halikuwa la fahari. Mtoto akishikwa lilikuwa la kumkimbiza hospitali ya Mulago, maana daktari alishamwonya mama kwamba safari moja ya kuchelewa inatosha kumpoteza.

Akaniletea gari nilifanyie servisi. Nikabadilisha oili na plagi. Kwenye bomba la hewa nikakuta kidude chenye waya mwembamba kama unywele, kimeshika vumbi. Ile ndiyo sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini, ili kompyuta ijue imwage petroli kiasi gani. Leo najua. Siku ile nilichukua mswaki na petroli nikakisugua mpaka kikang'aa, nikajisifu.

Nilipowasha injini, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi na ikakataa kuzimika. Nikafanya walichokuwa wakifanya mafundi wengi wa mtaa wetu: nikafungua dashibodi, nikatoa balbu. Mteja asiyeona taa hana wasiwasi. Mama alipokuja kulichukua, binti, aliyependa kukaa mbele na kutazama taa zikiwaka ufunguo ukizungushwa, ndiye aliyegundua.

"Fundi, ile taa ya njano imeenda wapi?"

"Ilikuwa inaumwa," nikamwambia. "Sasa imepona."

Tukacheka sote watatu.

Tangu hapo gari likaanza kusita. Ukikanyaga mafuta linameza mate kwanza, linatikisika, ndipo linakwenda. Mlimani ndiyo usiseme. Mama aliporudi mara ya kwanza, nililaumu petroli, nikasema wauzaji wanaichanganya na mafuta ya taa. Mara ya pili nikabadilisha pampu. Siku hiyo alikuwapo mwalimu mmoja wa ufundi kutoka chuo cha Kyambogo, anasubiri tairi lake lizibwe. Akaniambia taratibu kwamba huenda ni sensa, na sensa inayodanganya ni afadhali kuichomoa, kompyuta itakisia yenyewe kiasi cha petroli. Nilimcheka mbele ya watu. Nikamwuliza kama chaki nayo inafungua boliti.

Mara ya tatu mama alisema kwa upole, "Papa fundi, mbele ya wewe kuifungua, ile gari ilikuwa inatembea muzuri."

Nikawaka. Nikamwuliza fundi ni nani, yeye au mimi? Alichukua ufunguo wake akaondoka, na mimi nikabaki nikijibishana na ukuta.

Wiki haikuisha. Saa tano asubuhi nilisikia kilio kabla sijaliona gari. Lilikuwa limezimika mara mbili kutoka kwake hadi kwangu, na si mbali hata kidogo. Binti alikuwa amejikunja kiti cha nyuma, ameng'ata khanga.

"Papa fundi, endesha wewe," mama akasema. "Mutoto atanifia."

Bwaise tulipita, barabara ni tambarare. Kalerwe nako tukapenya. Tulipoanza kupanda kuelekea Mulago, gari likasita. Kila liliposita lilimtikisa mtoto, na kila lilipomtikisa alipiga ukelele. Nyuma yetu lori la matofali lilikuwa linapiga honi bila kuachia. Nilikanyaga mafuta mpaka chini, nikaliomba gari, nikalitukana. Katikati ya mlima likazima.

Niliogopa, nasema kweli. Nikafungua boneti, nikajilazimisha kufikiri. Petroli ipo. Pampu ni mpya. Plagi ni mpya. Kila kitu kingine nilikuwa nimekiweka kipya; kimoja tu nilikisugua kwa mswaki gari likiwa zima, na taa ikawaka hapo hapo. Lo! Nikashika soketi ya ile sensa, nikaichomoa kama alivyosema yule mwalimu.

Gari likawaka. Lilinguruma ovyo, halikuwa na raha, lakini nilipokanyaga mafuta lilipanda mlima bila kumtikisa mtoto tena. Sikufurahi hata chembe. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Hospitalini, muuguzi alimwinamia mtoto. "Bambi, pole mwanangu. Unaumwa wapi?"

Mtoto alimtazama mama yake, aliyekuwa analia kwa sauti. Akajifuta uso kwa khanga.

"Imepona," akasema.

Muuguzi alimgusa goti kidogo tu, na ukelele uliotoka ukawafanya watu wageuke. Wakamlaza haraka, wakamtundikia maji, wakamchoma sindano ya maumivu. Alipotulia, mama akamwuliza kwa nini amedanganya.

"Ili usiogope, mama."

Sikuweza kuvumilia. Nilimwambia mama yote, pale pale kando ya kitanda: mswaki, petroli, balbu. Nilimwambia kwamba petroli haikuwa mbaya, na pampu yake ya zamani haikuwa na kosa. Nilitaka anitukane. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wake ukiwa kwenye kichwa cha mtoto.

"Gari ilikuwa inaniambia," akasema, "na wewe ukaifunga kinywa."

"Ndiyo, mama."

"Enda uirudishe taa yangu."

Niliacha gari pale, nikarudi Kawempe kwa miguu. Chini ya meza yangu ya kazi kulikuwa na kopo la maziwa ya unga nililokuwa nikitupia balbu za namna ile. Nikalimwaga mezani ili nitafute yake. Zilijaa mezani, nyingine zikaviringika mpaka sakafuni, na kila moja ilikuwa ya gari la mtu aliyeniamini. Nilisimama pale, na sikujua ya kwake ni ipi.