Kiti cha Bosi Kinatazama Nyuma

Leseni ya udereva ya fundi mmoja wa viti vya magari, ambaye wateja wake wamezoea kumwita Sponji, ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 3 Agosti 1987. Imehuishwa kila ilipokwisha muda, na sehemu ya makosa haina hata nukta ya wino. Kwa hiyo Machi mwaka huu, binti yake alipomwambia kwamba hataweza kumpakia mjukuu wake garini, Sponji aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na leseni ndani ya mfuko wake wa plastiki, akailaza mezani.

Binti hakuigusa.

"Baba, uendeshaji wako sina shaka nao. Nina shaka na wale wengine."

"Wengine gani?"

"Wote."

Binti huyo ni muuguzi katika wodi ya dharura. Mtoto wake wa pekee ana miaka miwili na mwezi mmoja, na katika ukoo mzima anaitwa Bosi, kwa kuwa tangu alipojua kusema hajapokea amri ya mtu. Kuanzia Aprili, zamu mpya zilimtaka mama yake awe kazini kila mwisho wa wiki. Njia zilikuwa mbili. Ama Bosi akae kwa babu na bibi yake kuanzia Ijumaa mpaka Jumapili, umbali wa dakika arobaini kwa barabara kuu, ama apelekwe katika kituo cha kulelea watoto kilicho karibu na kwao, ambacho kilikuwa kimebakiza nafasi moja na kilitaka jibu kabla ya mwezi kwisha.

Sponji na mkewe walikuwa wamekwisha kujibu mioyoni. Mke alikuwa ameondoa cherehani katika chumba cha nyuma na kupima pembe ya kitanda. "Nimempisha mke mwenzangu," aliwaambia majirani, kwa utani ule wa bibi na mjukuu wa kike. "Mimi nimezeeka, acha naye apikiwe chai na huyu mzee aone raha yake."

Sharti la binti lilikuwa moja: kiti cha mtoto, kinachotazama nyuma ya gari, kilichofungwa kisitikisike. Siku kiti kikikaa sawa, Bosi atakwenda kwa babu. Kisipokaa, atakwenda kituoni.

Kwa Sponji hili lilikuwa tusi lililofungwa kwa karatasi nzuri. Ameshona viti vya magari kwa miaka thelathini na minne. Magari ya maharusi, magari ya wakubwa, mabasi mawili ya timu ya mpira, yote yamepita mikononi mwake. Sasa mtoto aliyemzaa alikuwa anamfundisha kukaa.

"Mtoto wa miaka miwili si kichanga," alisema. "Ana miguu. Ukimgeuza nyuma ataiweka wapi?"

"Ataikunja."

"Ikiumia?"

"Mguu ukivunjika tunaufunga plasta, Baba. Shingo haina plasta yake." Kisha akaeleza kwa sauti ya kazini, ile ambayo huitumia kwa ndugu za wagonjwa. Kichwa cha mtoto wa umri huo ni kizito kuliko mwili wake unavyoweza kukibeba, na mifupa ya shingo bado haijakomaa. Gari likigonga mbele na mtoto akiwa anatazama mbele, mikanda hushika mabega, kichwa huendelea na safari. Akiwa ametazama nyuma, mgongo, shingo na kichwa huegemea kiti kwa pamoja, na kiti ndicho kinachobeba kishindo.

Sponji alisikiliza mpaka mwisho. Kuhusu vitu vinavyoegemewa, alikuwa hana ubishi.

Dukani walikwenda wawili, baba na binti, Jumamosi asubuhi. Sponji huchagua kiti kwa kidole gumba: huibonyeza sponji mpaka chini, akahesabu kimoyomoyo jinsi inavyopanda. Alipita safu nzima akibonyeza. Alisimama mbele ya kiti kikubwa cha kijivu chenye mito mabegani na mshono wa almasi mgongoni.

"Huyu aliyeshona hiki ni mtu," alisema. "Tumemaliza."

Binti aliinama, akasoma kibandiko ubavuni. "Hiki kinatazama mbele tu."

"Tukigeuze."

"Mzee wangu," muuzaji aliingilia kwa upole, "hicho ukikigeuza ni kama kuvaa kiatu kisigino mbele. Utaweza, lakini hutafika."

Muuzaji, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani kwenye kamba, aliuliza mambo matatu tu: uzito wa mtoto, urefu wake, na aina ya gari. Kilo kumi na mbili na nusu. Sentimita themanini na saba. Gari dogo la milango minne, la zamani kidogo, lisilo na vile vyuma vya kunasia kiti, bali mikanda ya kawaida. Akatoa kiti cheusi, chembamba, kigumu. Kinabeba mtoto akitazama nyuma mpaka kilo kumi na nane. Tarehe ya mwisho ya matumizi ilikuwa imechapwa kwenye plastiki yenyewe, na ilikuwa bado imebakiza miaka tisa. Akaonyesha njia ya kupitishia mkanda wa gari, na mstari ubavuni unaopaswa kulala sawasawa na ardhi gari likiwa limesimama mahali tambarare.

Sponji alikibonyeza. Kidole hakikuzama hata nusu.

"Hiki ni ubao," alisema.

"Ndiyo," alijibu muuzaji. "Ubao wenye akili."

Walikinunua.

Hapa inabidi gari la Sponji lielezwe, kwa sababu ndilo lililomwaibisha. Lilikuwa tangazo lake la biashara. Mteja aliyefika kwenye karakana kuuliza kazi hakujibiwa. Alifunguliwa mlango wa nyuma na kuambiwa, "Kaa kwanza, tutaongea baadaye." Kiti cha nyuma cha gari hilo Sponji alikuwa amekiumba upya kwa mikono yake, tabaka tatu za sponji, moja juu ya nyingine, na ukingo wa mbele umeinuliwa ili mapaja yapumzike. Waliokaa humo walitoka wakitabasamu, na wengi walilipa kabla hawajaulizwa.

Jumapili alikifunga kiti cha Bosi juu ya kazi hiyo. Aliweka goti, akabana, akavuta mkanda mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kilikaza. Akazunguka mtaa mara moja kwa kujaribu, akarudi, akakishika. Kiliyumba kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Akakaza tena, akazunguka tena. Kikayumba tena, na sasa ule mstari wa ubavuni ulikuwa umeinama kama mtu anayesinzia.

Alifanya hivyo siku tatu. Alijaribu kuchomeka blanketi chini, na binti, alipotumiwa picha, akajibu kwa maneno mawili: "Toa hilo." Siku ya nne alirudi dukani, kiti mkononi na mashtaka mdomoni.

"Mmeniuzia kibovu."

Muuzaji hakubishana. Alitoka naye mpaka kwenye maegesho, akafungua gari lake mwenyewe, kuukuu, viti vya kitambaa kilichopauka, akapitisha mkanda, akaweka goti, akavuta. Dakika mbili. Akamwambia Sponji akitikise. Sponji alikitikisa kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili. Gari zima lilicheza. Kiti hakikucheza.

"Mzee wangu, nionyeshe gari lako."

Muuzaji alifungua mlango wa nyuma, akabonyeza kiti kwa kidole gumba, taratibu, mpaka chini. Akatazama kinavyopanda.

"Nani alikushonea hiki?"

Sponji, ambaye kwa miaka thelathini na minne alilisubiri swali hilo kwa hamu, aliinama kufunga kamba ya kiatu.

"Kizuri sana," muuzaji aliendelea. "Ni kizuri mno. Ukibana, sponji inashuka. Ukiendesha kidogo inashuka zaidi, na mkanda unabaki na nafasi. Na huu ukingo ulioinuka unakiinamisha kiti cha mtoto. Kiti hiki kinataka kukalia kitu kigumu, na wewe umekitandikia godoro."

Alhamisi asubuhi Sponji aliliingiza gari lake karakanani kwa kinyumenyume, akachukua kiwembe cha kufumulia, na kuanza kukata nyuzi zake mwenyewe. Jirani yake wa kazi, fundi wa betri, ambaye amekuwa akimtania kwa miaka kumi na mitano bila likizo, alikuja kusimama mlangoni akiwa na kikombe cha chai.

"Bwana Sponji, umepata mteja mgumu?"

"Mgumu."

"Analalamika nini?"

"Kimezidi ulaini."

Fundi wa betri alikunywa chai yake. "Basi na mimi kesho nitapata wa kuniambia betri imezidi moto." Lakini aliweka kikombe chini, akashika upande wa pili, wakakitoa kiti pamoja.

Mafundi wa viti wana tabia moja ambayo wake zao hawaipendi: hawatupi kitu. Juu ya rafu ya mwisho ya karakana, ndani ya nailoni, kulikuwa na sponji ya kiwandani ya gari lile lile, iliyotolewa siku Sponji alipolivisha gari lake ufahari. Haikuwa imekaliwa kwa miaka sita. Aliishusha, akaipangusa vumbi, akaibonyeza. Ilikuwa ngumu, nyembamba, na ukingo wake wa mbele ulikuwa chini kiasi ambacho mwanafunzi wake wa mwezi wa kwanza angekionea aibu. Akairudisha mahali pake, akaishonea kitambaa kipya cha kawaida, kilichonyooka, bila almasi, bila vifungo. Kazi iliisha saa tisa alasiri. Mteja mmoja aliyepita akachungulia na kuuliza kama gari limeuzwa.

Kisha alikifunga kiti cheusi. Goti, mkanda, kuvuta. Alizunguka mtaa mara moja. Kisha akaenda mbali, mpaka barabara kuu na kurudi, kwenye matuta yote anayoyajua na mengine ambayo hakuwahi kuyaheshimu. Aliporudi hakukigusa. Alimpigia binti yake.

"Njoo na mikono yako."

Binti alifika Ijumaa asubuhi akitoka zamu, Bosi akiwa mgongoni. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuwajibu wale wa kituo. Hakusalimia gari. Alifungua mlango, akaingiza mkono mahali mkanda unapopita, akasukuma kushoto, kulia, mbele, nyuma. Mama yake alisimama kizingitini na kitambaa cha vyombo begani. Fundi wa betri, ambaye hakuwa na shughuli yoyote nyumbani kwa Sponji asubuhi hiyo, alikuwapo.

Binti alisukuma tena, safari hii kwa uzito wa mwili. Akapiga goti, akatazama mstari wa ubavuni. Ulikuwa umelala sawa na ardhi.

"Nani amekufungia, Baba?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Kwani gari la nani?"

Binti alisimama, akajipangusa goti, na akafanya kitu ambacho kazi yake humzuia kukifanya mbele ya watu: alicheka mpaka akashika mlango. Halafu alimfungua Bosi mgongoni, akamkalisha, akavuta mikanda ya mabega mpaka vidole vyake visiweze kubana mkunjo wowote kwenye utepe. Miguu ya mtoto ilijikunja yenyewe, akaegemeza soli za viatu kwenye mgongo wa kiti cha nyuma kana kwamba kimewekwa hapo kwa ajili hiyo.

"Unaona nini?" babu aliuliza.

"Bibi," alisema Bosi, akitazama kioo cha nyuma, ambako bibi yake alikuwa amekwisha kuzunguka. "Bibi, kuja. Babu, endesha."

"Umesikia?" mke alimwambia Sponji. "Umeajiriwa."

Binti alitoa simu mfukoni pale pale, akawapigia wa kituo. Aliwashukuru, akawaambia nafasi ile wampe mtoto mwingine. Sponji alikuwa amegeukia upande, anakagua tairi ambalo halikuwa na tatizo. Fundi wa betri aliliona na, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mitano, badala ya kumtania akainama kulikagua naye.

Habari ilitembea haraka kuliko gari. Muuzaji wa viti alianza kumwelekezea wateja waliovisha magari yao ufahari na sasa wana watoto. Wiki iliyopita Sponji alifumua kazi zake nne za zamani kwa mikono yake, na mojawapo ni ya gari la maharusi ambao alikuwa amewashonea mwenyewe. Walikuja wakiwa watatu. Mlangoni mwa karakana hasemi tena "kaa kwanza". Anauliza uzito wa mtoto.

Ijumaa hii saa tisa na nusu alasiri atamchukua Bosi kwa mama yake, na atamrudisha Jumapili saa kumi na moja jioni.