Vettia na vita ambavyo kila mtu anajua mwisho wake

ROMA. Saa nne asubuhi, katika ukumbi wa kukodi karibu na soko la ng'ombe, Vettia Grapte anafungua gombo kwa mkono wa kulia huku akilikunja kwa wa kushoto. Watu mia mbili wamebanana kwenye mabenchi. Hakuna anayekohoa.

Anasoma habari za kikosi kilichoangamia kaskazini miaka ishirini na sita iliyopita. Kila aliyemo humu anajua yaliyotokea. Hata hivyo, farasi wa jemadari anapokanyaga maji ya mto, Vettia ananyamaza.

"Hapo ndipo penyewe," anaeleza baadaye, akinywa maji ya asali kulainisha koo. "Mtu akijua mwisho, hofu haipungui, inazidi. Hata tenzi za mashujaa ni hivyo hivyo: unatajiwa mapema nani atakufa, nawe unakaa unamwombea."

Vettia, 41, alizaliwa mtumwa. Bibi aliyemmiliki alipoanza kupofuka, alimsomesha ili apate wa kumsomea. Alipoachwa huru, akaifanya kazi hiyo riziki. Akisoma siku moja, sauti humkauka siku mbili.

Asubuhi hii, katikati ya ukimya ule, mzee mmoja anasimama nyuma. Ni Herennius Macer, fundi viatu.

"Msivuke!" anapaza sauti. "Jemadari, rudi! Wamejificha msituni!"

"Kaa chini, babu, hao walishakufa zamani!" kijana mmoja anamtania, na ukumbi unaangua kicheko.

"Najua! Nilivuka nao!"

Kicheko kinakatika. Vettia anainua macho kutoka kwenye gombo. Kisa hiki amekisoma zaidi ya mara thelathini, lakini leo, anakiri, aliamini kwa kitambo kidogo kwamba jemadari angegeuza farasi.

"Nisome au niache, baba?"

"Soma, mwanangu. Ila polepole. Waache waishi kidogo."

Anasoma. Wanavuka. Yule kijana mtani amejifunika uso kwa joho.

Watu walipotawanyika, Macer alimtajia Vettia majina kumi na moja ya wenzake waliokufa, yasiyomo kitabuni, naye akayachora kwenye kibao cha nta. Kesho atampelekea mwandishi wa historia hiyo, Mevius Cotta, mtu asiyependa kusahihishwa.

"Atanifukuza, najua," anasema Vettia. "Nitarudi tena. Nataka niyasome majina yale kwa sauti kabla ya mto, wenyewe wakiwa bado ng'ambo hii."